Pakiti ya Kinyerezi

Rafiki yangu wa Kinyerezi alipata bure kitu nilichokitafuta kwa miaka, na tangu siku hiyo sikuweza tena kumpenda sawasawa. Nasema hivi mapema ili msomaji asinitegemee niwe mwema. Nilimwonea wivu wa kukosesha usingizi, wivu wa kumfanya mtu aunguze wali akiwa amesimama palepale jikoni, na kisa chenyewe kilikuwa pakiti ya karata.

Si karata za kuchezea kijiweni. Hizi huitwa taroti, karata kubwa kidogo zenye picha za watu, wanyama, nyota na majengo, ambazo huko ng'ambo wengi huzipigia ramli. Pakiti moja ina karata sabini na nane. Mimi ramli siijui na sina haja nayo, maana mambo yangu ya kesho yananitisha hata bila kuyatazamia. Nazikusanya kwa ajili ya michoro, na nazitaka zile tu ambazo hazichapishwi tena.

Kazi yangu ndiyo iliyoniponza. Nina kibanda cha steshenari Mbagala, natoa fotokopi, nafanya laminesheni, na msimu wa harusi nachapa kadi za mialiko. Kadi ya harusi ina maisha mafupi sana. Leo watu wanagombana kuhusu rangi ya utepe, na harusi ikishapita unaikuta kadi ileile imekunjwa kufungia karanga. Na hakuna kadi niliyotengeneza ambayo siwezi kuirudia. Mteja akipoteza yake, nafungua kompyuta, nabonyeza, inatoka pacha wake. Basi nilipogundua kwamba duniani kuna karata zilizochapwa mara moja tu, kisha kiwanda kikafungwa au mchoraji akagoma, na kwamba hakuna wa kubonyeza popote zikatoka nyingine, nilinasa.

Ya kwanza niliipata Tandika ndani ya mkoba wa mtumba. Nilinunua mkoba, nikafika nyumbani, nikafungua zipu ya ndani, nikakuta pakiti imeviringishwa kwenye leso. Nilitafuta picha zake kwenye simu na nikakuta watu wa nchi nyingine wanazililia. Mmoja aliandika kwamba angetoa chochote. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Kitu kinachowatoa watu machozi huko kilikuwa kwenye mkoba wangu Mbagala, na jirani alikuwa anapita dirishani na ndoo yake hana habari. Huo ndio utamu wa kukusanya vitu vilivyokwisha, msidanganywe na wanaosema habari za sanaa. Utamu ni kuonewa wivu. Karatasi nayo ni tamu, ule unene wake, kingo zilizolainika kwa vidole vya mtu usiyemjua, harufu ya wino wa zamani. Lakini kwanza ni kuonewa wivu.

Mama yangu, ambaye ninaishi naye, hakunionea wivu hata kidogo. Siku ile nilimpelekea karata moja yenye jua na mtoto juu ya farasi. Hakuiangalia. Alisema, "Hiyo ramli. Haitalala kwenye nyumba ninayoswalia." Nikazihamishia kibandani, kwenye droo iliyo chini ya mashine ya laminesheni, na hata zilipofika pakiti kumi na tisa zililala hukohuko. Nikianza kumwelezea mama habari zake, anageukia ukutani na kuniuliza kama gesi imebaki ya kutosha. Miaka yote hiyo hakuwahi kutupa jicho kwenye karata yangu hata moja.

Sasa huyo rafiki. Ni mwalimu wa shule ya msingi Kipawa, na tulifahamiana alipoleta mitihani ya kutoa kopi. Yeye Mnyamwezi na mimi Mzaramo, kwa hiyo ni watani, na tulianza kutukanana kabla ya kujuana majina. Kwa asiyejua, mtani wako anaruhusiwa kukuambia lolote, na wewe huruhusiwi kukasirika. Aliniita mvivu wa pwani niliyezaliwa nimelala, nikamwita mpagazi, nikamwambia aweke mzigo chini apumzike. Kuanzia hapo alikuja kila wiki hata akiwa hana mtihani. Mimi ndiye niliyemfungulia droo. Mimi ndiye niliyemfundisha kutazama kingo, kuhesabu karata, kujua toleo la zamani na toleo la kuigiza. Nilimfundisha kwa mikono yangu miwili.

Nilimwonyesha pia kwenye simu ile pakiti niliyokuwa naitaka kuliko zote. Mchoraji wake aliichapisha mara moja tu. Watu wote waliomo ni pekupeku, wamevaa bluu ya kukoza na manjano, na wanafanya mambo yao kana kwamba hakuna anayewatazama. Nilikuwa naizungumzia kila siku. Nilikuwa nayo hata kwenye sala, Mungu anisamehe.

Siku moja mchana, nikiwa na mteja anayetaka picha za pasipoti, simu ikaita.

"Shoga, umekaa au umesimama?" aliuliza.

"Sema, nina mtu."

"Ile pakiti yako ya pekupeku. Ninayo mie hapa."

Mgeni mmoja aliyekuwa akijitolea shuleni kwao alikuwa anarudi kwao, akagawa vitu vyake. Walimu wengine waligombea birika la umeme na pasi. Yeye aliona kisanduku kwenye rundo la vitabu akakibeba, hakuna aliyemshindania. Bure! Alinitumia picha. Nilimwandikia, "Hongera sana kipenzi," nikaweka na kopakopa tatu, kisha nikamkata yule mteja kichwa kwenye picha nikalazimika kumpiga upya.

Jumamosi nilikwenda Kinyerezi kuiona. Nilijiambia naenda kumpongeza. Nilikuwa nimebeba pakiti tatu nzuri mno za kubadilishana naye, nimezifunga kwenye kanga mpya ili zipendeze.

Nilichokikuta uani kilinikata maini. Mama yake, mama wa Kitabora mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, alikuwa ameketi mkekani anamenya karanga, na pakiti ile imetandazwa mbele yake kama dagaa. Anamenya, anafuta vidole kwenye gauni, anaokota karata, anaitazama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mtani! Mzaramo leo umeamka mapema, kuna nini? Njoo ukae. Njoo uone watu wa huku kwetu."

Alikuwa amezipa karata zote majina. Hakujua kama zina majina yake, na wala hakuuliza. Yule aliyening'inia kichwa chini mguu mmoja, alisema ni kishoka aliyekwenda kuunganisha umeme juu ya nguzo. Mwenye mizani na upanga ni muuza nyama wa njia panda, na akaapa kwamba hata mizani yenyewe imeinama kama ya yule. Mzee mwenye taa ni baba mwenye nyumba anatafuta kwa nini umeme umekatika, na mitambo ya kuuzalisha iko hapo nyuma ya ukuta. Moyo uliochomwa panga tatu aliuita mshikaki. Mwanamke anayemimina maji kutoka kwenye mitungi miwili ni yeye mwenyewe siku maji yalipotoka bombani baada ya mwezi. Binti yake alikuwa amejiinamia kwa kucheka, mkono begani kwa mama yake.

Nilicheka pia, mdomo tu. Nilikuwa naziangalia alama za mafuta ya karanga kwenye pembe za karata na kutamani kulia. Halafu nikauangalia ule mkono begani, nikagundua kwamba kilichokuwa kinaniuma zaidi si mafuta. Mimi nina pakiti kumi na tisa na mama yangu hajui hata moja ina picha gani. Huyu ana moja, ya bure, na mama yake amemjazia mtaa mzima ndani yake. Kijicho changu kikawa viwili, na cha pili kilikuwa kibaya zaidi kwa sababu sikuwa na cha kubadilishana.

Hata hivyo nilijaribu. Nilifungua kanga, nikampa rafiki yangu azione zile tatu.

"Nzuri jamani," alisema. "Lakini hii siitoi. Mama kaipenda, si unaona mwenyewe?"

"Basi tatu na mkoba wa ngozi."

"We mtani una wazimu. Kunywa chai."

Nilikunywa chai. Niliendelea kwenda Kinyerezi kila nilipopata nafasi. Kila nikienda yule mama ana majina mapya, na kila nikirudi namkuta mama yangu anachambua mchele, namwangalia mpaka ananiuliza ninamtazamia nini. Jioni moja nilijikaza. Nilimwambia, "Mama, kuna picha moja nataka uniambie inafanana na nani hapa mtaani." Akasema, "Gesi imebaki?"

Kisha yule mama wa Kinyerezi akafa. Ilikuwa presha. Alianguka asubuhi akifagia, na walipomfikisha hospitali alikuwa ameshaondoka. Nililia, na nililia kweli, maana alikuwa ameniita mtani kwa mdomo uliojaa karanga, na hakuna mtu mwingine aliyekuwa akifurahi namna ile kuniona nikiingia.

Nilikwenda msibani kama mtani, na mtani msibani ana kazi yake. Wafiwa wanalia, sisi tunavuruga. Wazaramo wenzangu wa pale Kinyerezi walikuwa wameshaanza. Mmoja alivaa gauni la marehemu na kupita kati ya waombolezaji akiita watu kwa ile sauti yake ya ng'ombe, mpaka hata mchungaji akaficha uso. Mwingine alikalia sufuria la pilau akasema hakuna kula mpaka Wanyamwezi wakiri kwamba walifika pwani wakiwa hawana viatu. Tena mtani huchukua kitu cha marehemu, chochote kile, akatamba nacho. Wafiwa wakikitaka wanakuja kukikomboa kwa kile atakachotaja. Wasipokuja mpaka arobaini ipite, kimekuwa chake. Na hakuna wa kununa.

Mwenzangu mmoja alibeba kiti cha marehemu. Mwingine kinu. Mimi niliingia ndani moja kwa moja, nikafungua kabati la vyombo, nikatoka uani nimeinua pakiti juu.

"Hii Mzaramo ameibeba!" nilipaza sauti. "Anayeitaka aje Mbagala, na aje amejipanga!"

Watu waliangua kicheko. Rafiki yangu alikuwa amelala mapajani kwa shangazi yake, macho yamevimba. Aliinua kichwa, akaniona, akacheka huku kamasi zinamtoka. "Mwizi wewe," alisema. Kila mtu aliona ni utani. Ni mimi peke yangu niliyejua kwamba mkono ulioshika kile kisanduku haukuwa unatania.

Nikawa nayo; mama nilimwambia tu kwamba nimebeba kitu cha marehemu. Niliifungua kibandani nimefunga mlango, nikahesabu, sabini na nane kamili. Nilipitisha kidole kwenye kingo, nikainusa, nikaona rangi ya bluu kwa karibu namna ambavyo simu haiwezi kuonyesha. Niliwaza kwamba mfiwa ana mambo mengi, atasahau. Nilihesabu arobaini kwa hamu ambayo mtu huihesabia sikukuu. Lakini nikiitandaza mezani, wale pekupeku walinitazama kana kwamba nimewaingilia chumbani kwao. Mwenye mizani ananiangalia, namjua ni muuza nyama, lakini yule wa pembeni yake, mwenye mbwa, ni nani? Sikuwa nimefika siku aliyopewa jina. Nilikuwa na pakiti niliyoililia kwa miaka, na nusu yake ilikuwa ya watu nisiowafahamu. Rafiki yangu aliwajua wote. Hata akiwa msibani, hata akiwa hana mama, bado alinizidi.

Ilibaki wiki moja arobaini ifike, akatokea kibandani. Amekonda, kitambaa cheusi mkononi. Aliketi kwenye stuli ya wateja.

"Haya mtani, nimekuja. Taja kikombozi chako."

Nilikuwa nimejiandaa kutaja kitu kikubwa asichoweza. Nilikuwa nimekifanyia mazoezi kabisa. Nikafungua mdomo, nikasema, "Majina."

"Majina gani?"

"Aliyowapa mama. Yote. Ukimaliza unabeba."

Alinikodolea macho. Kisha akavuta stuli karibu, nikafunga mlango wa kibanda, mteja akagonga akachoka akaenda zake. Tuliziweka moja moja juu ya meza ya laminesheni. Mwenye mbwa alikuwa mgeni kutoka mkoani aliyeshushwa stendi na kirobota chake, anatazama juu huku anakaribia kuingia mtaroni. Mwenye meza ya vikombe na fimbo ni machinga anayekwambia bei ya mwisho mara tano. Jengo linaloungua ni nyumba ya mwenyekiti iliyowekwa alama ya kubomolewa. Alicheka, akalia, akafuta pua kwa karatasi zangu za fotokopi. Mimi nilikuwa nasikiliza kwa uchoyo, na kila jina lilinichoma, kwa kuwa nyuma ya kila moja niliona uani kwao, mkeka, karanga, na bega lililokuwa limeshikwa.

Tulipokaribia mwisho alifika kwenye karata moja akaipita, akaiweka chini ya nyingine haraka.

"Mbona hiyo umeiruka?"

"Aa, hiyo achana nayo."

"Tumekubaliana yote."

Akaitoa. Ni mtu ameketi peke yake, amekunja uso. Ana duara moja la manjano amelikumbatia kifuani, jingine liko utosini, na mawili ameyakanyaga yasitoroke.

"Mama alikuwaga anasema huyu ni wewe," alisema. "Huyu mtani wangu wa Mbagala, anasema. Ana chapati zote hizo na bado anaangalia sahani ya mwenzake. Ukija tulikuwa tunaificha hii, mie nakanyaga juu yake. Akasema, mkaribisheni tu, akichelewa kuja namkumbuka."

Masikio yaliniwaka moto. Yule mama alikuwa ameuona wivu wangu tangu siku ya kwanza, akaupa kiti na chai, akaupa na karata.

Rafiki yangu alizikusanya zote, akazipanga, akazifunga ndani ya kisanduku. Ile moja aliiacha juu ya meza.

"Hiyo yako."

"Irudishe," nilisema. "Ukitoa hata moja, pakiti imekufa. Haitakuwa na thamani kwa mtu yeyote duniani, unanielewa? Haichapishwi tena!"

"Mie siiuzi," alisema. "Na kila mtu akae na mtu wake."

Nilimfuata mpaka barabarani na karata mkononi. Alinikunja vidole vikaifunika, akapanda bodaboda na kisanduku mapajani, akaondoka na mtaa wake wote. Nilibaki nimesimama pale, namwonea wivu mgongo.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango.

"Umemrudishia mwenzio vitu vya marehemu?" aliuliza.

"Nimerudisha. Kaniachia moja, anasema marehemu alinipangia."

Kitu alichokuachia marehemu hakitupwi, hilo mama yangu analijua kuliko mimi. Alinyoosha mkono akauvuta nyuma, akaufunika kwa ncha ya kanga ili asiiguse, ndipo akaipokea. Aliiweka mbali na macho, kisha karibu, kisha mbali tena.

"Na huyu aliyekumbatia chapati ni nani?"

"Ni mimi, mama."

Aliitazama sana. Bega likaanza kumtikisika, akacheka bila sauti mpaka akajifuta jicho kwa upande mwingine wa ile kanga.

"Umefanana naye," alisema. "Hebu lete na nyingine nione."